Taya Likifungwa Nyaya, Utaongeaje na Watu?

Kabla hujaendelea kusoma fanya hivi. Uma meno, ya juu na ya chini yakutane kabisa, halafu bila kuyaachanisha sema "habari za asubuhi, mzigo umefika?" Umeona? Inatoka. Inatoka kama ya mtu aliyekasirika, lakini inatoka, na aliyekaa karibu yako anaelewa. Hapo ndo nataka tuanzie, maana watu wakisikia fulani kavunjika taya kafungwa nyaya mdomoni, wanamhesabu bubu mpaka siku ya kufunguliwa, wanaanza kumtendea kama bubu, tena bubu asiyesikia, wakati ukweli wenyewe ni kwamba huyo mtu anasikia kila kitu, anaelewa kila kitu, na ana maneno mengi tu ya kusema. Kinachomkwamisha kwa sehemu kubwa ni sisi tunaomzunguka. Mdomo wake una matatizo yake ndio, nitayaeleza, ila mengi yana dawa.

Tuanze na kinachofanyika hospitali maana bila hicho mengine hayataeleweka. Taya la chini limejitokeza mbele, kwahiyo mtu akianguka kifudifudi linafika chini mapema. Huku kwetu bodaboda zinachangia sana, na kofia nyingi unazoona barabarani ni zile zilizo wazi mbele, fuvu linalindwa sawa lakini kidevu kiko nje kinaisubiri lami. Wengine ni ngumi, wengine ajali za gari, wengine wameanguka kutoka kwenye mwembe. Na wapo wanaopasuliwa kwa mpango, hawajaumia popote, taya lao limetangulia sana au limerudi nyuma sana mpaka kutafuna ni shida, sasa linakatwa na kupangwa upya. Kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili au Kenyatta wapo mabingwa wa kazi hii, upasuaji wa kinywa, taya na uso.

Njia ya zamani ambayo bado inatumika sana ni kufunga. Daktari analaza kipande chembamba cha chuma kikifuata mstari wa meno ya juu, kingine ya chini, vyote vina vindoano vidogo, anavishikiza kwenye meno kwa waya mwembamba wa karibu nusu milimita, halafu anaunganisha juu na chini kwa nyaya nyingine ili meno yaumane yalivyokuwa yanaumana kabla ya ajali. Meno yakikaa sawa na mfupa unaunga ukiwa sawa, ndo mantiki yake. Kwa mtu mzima mara nyingi inakuwa wiki 4 mpaka 6, watoto wanafunguliwa mapema zaidi maana mifupa yao inaunga haraka, na yapo mavunjiko ya karibu na sikio ambayo hayafungwi muda mrefu kwa kuogopa taya kuganda. Njia nyingine ni ya vibati vya titani vinavyopigiliwa skrubu ndani kwenye mfupa, na huyu anaweza asifungwe nyaya kabisa, anawekewa raba bendi tu za kuliongoza taya, mdomo unafunguka kidogo. Kwahiyo kabla hujapewa ushauri na jirani ambaye shemeji yake alivunjika taya mwaka juzi, jua kwanza wewe umewekewa nini, mtu wa raba na mtu wa nyaya hawaongei sawa na hawakatazwi mambo sawa.

Haya, sauti sasa. Ulimi uko huru. Taya halitembei, lakini ulimi unazunguka humo ndani kama kawaida, na kazi kubwa ya kutengeneza maneno inafanywa na ulimi na midomo, taya linasaidia tu. Sisi wa Kiswahili tuna irabu tano, na i na u unazitamka taya likiwa karibu limefungwa hata ukiwa mzima, jaribu, kwahiyo hizo mbili hazina shida. Ya tabu ni a, inayotaka mdomo uachame, ikifuatiwa na o na e. Siku za mwanzo a ya mgonjwa inabanwa banwa inakaribia e, lakini baada ya siku kadhaa ulimi wenyewe unajifunza kushuka chini zaidi kufidia, mtu hata hafundishwi, unashangaa tu anaeleweka zaidi ya juzi.

Konsonanti ndo kuna mchanganyiko. K na g zinatokea nyuma kooni huko, hazina habari na meno. T, d, l, ulimi unagusa nyuma ya meno ya juu, zinatoka. S inatoka kwasababu hata mtu mzima anatamka s meno yakiwa karibu yamegusana, sema mate na vile vyuma vinaipa mluzi. Zinazogoma kabisa ni th na dh, kwasababu ulimi unatakiwa uchungulie katikati ya meno na njia imefungwa. Thelathini inakuwa selasini, dhambi inakuwa zambi, na tukiwa wakweli nusu ya nchi inaongea hivyo bila kuvunjika chochote, kwahiyo hakuna atakayegundua. Labda kwa anayeswali, herufi kama tha na dhal zitamsumbua, hapo mtu anasoma kwa kadiri anavyoweza na akiwa na wasiwasi anamuuliza sheikh wake.

Halafu midomo. P, b, m, f, v, w zote zinataka midomo, na midomo baada ya upasuaji imevimba kama imeumwa na nyuki. Uvimbe huo unafika kileleni siku ya pili au ya tatu, sio siku ya kwanza, na hili lingesemwa mapema lingeokoa machozi mengi, maana ndugu wanakuja siku ya kwanza wanamkuta yuko nusu nafuu, wanarudi siku ya tatu uso umekuwa mkubwa na maneno hayatoki wanaanza kulia kwamba hali imekuwa mbaya. Ni kawaida, baada ya hapo unashuka. Juu ya uvimbe kuna ganzi. Ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaoupa hisia mdomo wa chini na kidevu, na kuvunjika au kupasuliwa kunaweza kuujeruhi, basi mdomo wa chini unakuwa kama ule wa mtu aliyetoka kung'oa jino, upo lakini huusikii. Usichokisikia ni ngumu kukiongoza, mate yanatiririka mtu hana habari. Kitambaa begani muda wote, na anayemuuguza amfute bila kutoa maneno.

Kuna jambo moja wengi hawaambiwi, la pua. Kwenye upasuaji wa taya mrija wa kupumulia mara nyingi unapitishwa puani, kwasababu daktari anahitaji kuyafunga meno akiwa anafanya kazi aone yanaumana vipi, na mrija ukiwa mdomoni hawezi. Matokeo yake mgonjwa anaamka koo linakwaruza, sauti imekauka, pua imeziba. Waliokatwa taya la juu pua inaziba zaidi, ile operesheni inayobeba jina la Le Fort, daktari Mfaransa aliyechapisha mwaka 1901 majaribio yake kuhusu namna mifupa ya uso inavyopasuka, na wengi wao wanakatazwa kupenga kamasi kwa muda. Sasa pua ikiziba, m na n zinakosa pa kutokea. M inageuka b, n inageuka d. Nimeona kwa macho yangu mama mmoja amekaa pembeni ya kitanda cha mwanae, kijana anamwita "mama" na kinachotoka ni "baba", mama wa watu anajibu "baba yako yuko njiani mwanangu", kijana anakataa kwa mkono anarudia "baba, baji", mama anasema "anakuja, tulia", na kumbe kijana alikuwa anasema "mama, maji". Muuguzi ndo akaelewa. Kwahiyo ukiwa na mgonjwa wa namna hii ukasikia neno halina maana, lirudishe kichwani ukiweka m palipo na b na n palipo na d, mara nyingi linafunguka lenyewe.

Tuje kwa ndugu sasa, na hapa sitapindisha maneno. Kosa namba moja ni kupaza sauti. Mtu kafungwa taya wewe unamfokea kama yuko ng'ambo ya mto. Anasikia! La pili ni kumruka na kumuuliza aliyekaa naye, "huyu kala? huyu analala vizuri?" na mwenyewe yupo hapo anakutazama. La tatu, ambalo linafanywa na wanaompenda zaidi, ni kummalizia sentensi. Kaanza kusema "nataka" mnarukia, uji? choo? simu? dirisha? mpaka anakata tamaa anatikisa kichwa basi yaishe. Mwache amalize. Ukikwama mwambie ulichokishika, "nimesikia unataka kitu cha Juma, kitu gani?" ili arudie kipande kilichopotea tu na sio sentensi nzima, kuongea hivyo kunachosha kweli kweli, misuli ya uso inauma, koo linauma, na anakunywa uji na supu tu kwa mrija hana nguvu za kupoteza.

Na maswali. Uliza moja moja. Sio "umeamkaje, dawa umekunywa, na daktari kasemaje kuhusu ile rufaa?" kwa mpigo. Halafu kuna mtego wa lugha yetu kwenye kutikisa kichwa. Ukimuuliza mtu "hujanywa dawa?" akaitikia kwa kichwa, kwa Kiswahili hiyo ni "ndiyo, sijanywa". Lakini mwingine ataitikia akimaanisha "ndiyo, nimekunywa". Ukiwa unaongea kwa mdomo utata unaondoka kwenye neno linalofuata, kwa kichwa peke yake hauondoki, na hizi ni antibayotiki na dawa za maumivu tunazozungumzia, mtu anaweza akapewa dozi mbili au akakosa zote. Basi usiulize kwa kukanusha. Uliza "umekunywa dawa?" na ukitaka uhakika zaidi nyoosha vidole viwili, kidole hiki umekunywa, hiki bado, aguse.

Maumivu nayo yana njia yake, vidole vya mikono miwili, sifuri hakuna kitu, kumi ndo yale ya kutaka kulia, anaonyesha tu. Wauguzi wengi wanaijua hiyo, na ni bora kuliko kukunja uso, maana uso uliovimba haukunjiki na mtu anaweza kuwa anateseka huku anaonekana katulia tuli.

Kuandika. Wengi wanakimbilia simu, na simu ni nzuri, unafungua sehemu ya kuandikia unaandika kwa herufi kubwa unamgeuzia mtu. Ila daftari na kalamu vina faida zake, havina chaji wala kioo cha kupasuka, na bibi wa kijijini hatakiwi kutafuta miwani asome vimaandishi vya simu. Omba kabla ya upasuaji dripu iwekwe mkono usioandikia, ni jambo dogo mtu halikumbuki mpaka anaamka mkono wa kulia umefungwa kama kuni. Na kama mgonjwa hajui kusoma, au anayemuuguza hajui, msione aibu, mnachora. Kikombe, choo, kidonge, blanketi, feni, simu, anaelekeza kidole. Karatasi moja inatosha. Unaweza pia kuandika kwenye Google Translate kwa Kiswahili ukabonyeza kile kispika ikusomee kwa sauti, matamshi yake ni ya mtu aliyejifunzia Kiswahili kwa barua pepe lakini dukani inakutoa.

Shida ya kuandika ni kasi. Watafiti walipima lugha kumi za pembe tofauti za dunia wakakuta kwamba kati ya mtu mmoja kumaliza kuongea na mwingine kudakia ni wastani wa milisekunde 200 hivi, yaani moja ya tano ya sekunde. Sasa fikiria mgonjwa sebuleni na wageni wanne, mada ni shamba la Mkuranga, ana la kusema na tena ndo mwenye hoja nzito kuliko wote, anaanza kuandika. Akifika neno la tatu wageni wameshatoka shambani wako kwenye harusi ya binti wa mjomba. Anafuta. Baada ya mara kadhaa anaacha kabisa, anakaa anatazama ukuta na watu wanasema ana mawazo. Hana mawazo, amekosa pa kuingilia. Dawa yake ni rahisi sana, akinyanyua mkono, au akianza tu kuandika, mmoja aseme "subirini, anaandika", na mnyamaze kweli. Kimya cha nusu dakika hakijawahi kuua mtu.

Salamu zetu nazo, jamani. Sisi ni watu wa kusalimiana mpaka mbuzi wa nyumbani waulizwe hali. Mgonjwa akipita mtaani wiki ya tatu, uvimbe umeisha, kwa mbali anaonekana mzima, mzee wa watu anasubiri shikamoo yake haiji, au inakuja imekwama kwenye meno hajaisikia. Jioni anaambiwa mama yake, mwanao siku hizi ana majivuno. Kwa hili ishara inafanya kazi kuliko kupambana na maneno: mkono kifuani, kichwa kiiname, simama sekunde mbili tatu ili ionekane ni heshima na sio unapita tu. Halafu onyesha taya kwa kidole. Wengine wanatembea na kikaratasi mfukoni kimeandikwa kitu kama "Taya langu limefungwa. Nasikia vizuri. Naomba unisubiri niandike." Kiwe kifupi hivyo, ukiandika historia ya ajali hakisomwi. Kwenye daladala au matatu usihangaike kuita "shusha", gonga bodi au gonga kioo kwa sarafu, konda anaielewa hiyo lugha kabla hujavunjika. Na kwa akinamama wa mwambao kanga ipo, kama kuna jirani anakuja kuchungulia kila asubuhi anakuangalia uso anaenda kusimulia, unajua mwenyewe uvae yenye maneno gani.

Simu ya kupiga ndo mbaya kuliko zote. Simu ya kawaida tangu zamani inapitisha sauti kati ya hezi 300 na 3400 hivi, na sehemu kubwa ya ule mkwaruzo wa s na f uko juu ya hapo, unakatwa. Kwa mtu mzima hamjali, ubongo unajazia. Kwa mtu ambaye s zake ni mluzi na m zake ni b, unaongeza na kwamba humuoni midomo wala mikono, hakuna kinachobaki. Voisi ya WhatsApp inatoka vizuri zaidi na mtu anaweza kuirudia mara mbili, simu ya video ni bora zaidi maana anaona. Kama lazima upigiwe, pokea na ugonge kioo cha simu kwa kucha, mara moja ndiyo, mara mbili hapana, mpigaji aulize maswali ya hivyo.

Sasa hapa kuna kitu kinachekesha na kuumiza kwa pamoja. Mgonjwa anahitaji hela, hawezi kupiga, anatuma meseji: "mjomba nimepata ajali niko hospitali siwezi kuongea naomba nitumie elfu hamsini kwenye namba hii." Soma tena hiyo meseji. Ni ya tapeli kabisa! Miaka yote tumeambiwa mtu anayekuandikia akiomba hela halafu hapokei simu au anakataa kuongea ni mwizi, "ile hela tuma kwenye namba hii" imetufunza adabu. Kwahiyo mjomba hatumi, tena anamblock, na mgonjwa anaona katengwa na ukoo. Usimlaumu mjomba, kafanya sahihi. Meseji ya kwanza ya kuomba msaada itoke kwa mtu anayejulikana na ambaye anaweza kupokea simu, mke, kaka, jirani, mwenyekiti wa kikundi, au piga video hata sekunde kumi uso wako uonekane na hizo nyaya, hapo hakuna atakayebisha. Na wewe ndugu ukipata meseji ya hivyo usitume na usidharau, mtafute mtu wa pili umuulize.

Kuna na polisi. Kama ni ajali au kupigwa, Tanzania utahitaji fomu ya polisi ya PF3, Kenya P3, na huko maelezo yanatakiwa yawe ya kwako. Ndugu asiyekuwepo eneo la tukio anakusemea, anaongeza chumvi, na baadaye maneno yake yanagongana na yako. Andika mwenyewe mapema ukiwa bado unakumbuka, saa ngapi, wapi, chombo gani, namba kama uliiona, nani alikuwepo, tarehe juu na sahihi chini, uwe nayo. Kwa daktari hivyo hivyo, orodhesha maswali nyumbani kabla ya kliniki, dirisha la daktari ni fupi na foleni nyuma yako ni ndefu, ukianza kuandika mbele yake muda umeisha.

Ya usiku na ya dharura naiweka peke yake maana hii sio ya starehe. Mtu aliyefungwa taya hawezi kupiga ukunga. Anaweza kutoa sauti ya kooni lakini mlango ukifungwa na feni inazunguka humsikii. Kwahiyo alale na kitu cha kutoa kelele karibu na mkono, kengele, sufuria na kijiko, filimbi haifai kwasababu midomo bado haina nguvu. Simu iwe chini ya mto na mkubaliane: akibip mara moja njoo ukiweza, akibip mfululizo amka unakimbia. Kubip hakuhitaji salio kubwa wala kuongea, yaani kama kilibuniwa kwa ajili yake.

Dharura yenyewe kubwa inayoogopwa ni kutapika au kukabwa. Mgonjwa apewe na hospitali mkasi wa kukatia nyaya, au plaizi ya kukata iliyosafishwa, na iwe inakaa naye, wengine wanaivaa shingoni kwa kamba, sio kabatini. Kabla ya kutoka wodini, anayemuuguza aonyeshwe kwa kidole na daktari nyaya gani za kukata, ni zile zinazounganisha juu na chini, sio zile zinazozunguka jino moja moja. Kwa mwenye raba ni mkasi wa kawaida tu, anaonyeshwa pia. Akitapika, mara nyingi hakuna haja ya kukata, tumboni kuna vitu vya majimaji tu, ainamishwe mbele kichwa kikiangalia chini na vitoke katikati ya meno na nafasi za nyuma. Asilazwe chali. Kukata ni pale hewa haipiti, na baada ya kukata ni hospitali moja kwa moja. Ishara ya hilo iwe moja tu nyumba nzima na isitumike kwa kitu kingine, mkono kooni kwa mfano, na kila mtu ndani aijue mpaka dada wa kazi na watoto wenye akili. Pombe aachane nayo kabisa kipindi hicho, kutapika ukiwa umelewa na mdomo umefungwa ni kutafuta kifo.

Siku ya kufunguliwa watu wanategemea ataongea palepale kama redio. Haiwi hivyo. Misuli imekaa wiki nyingi bila kazi, mdomo unafunguka kidogo tu, unaweza usiingie hata kidole kimoja kizuri, wakati kawaida mtu mzima anaingiza vidole vitatu vilivyosimama. Anapewa mazoezi ya kuufungua taratibu, na kuongea kwenyewe ni sehemu ya mazoezi, kusoma gazeti kwa sauti dakika chache, kuimba polepole. Ajabu nyingine ni kwamba ulimi ulishazoea kufidia, kwahiyo siku mbili tatu za mwanzo anaweza akasikika vibaya kuliko alivyosikika jana akiwa amefungwa, a inazidi sasa, mate yanaruka. Mwalimu, konda, mhubiri, muuza duka, wanaoishi kwa sauti, wasipange kurudi kazini kwa nguvu zote siku inayofuata.

Ganzi ya mdomo wa chini yenyewe haifuati ratiba ya nyaya. Inaweza kuendelea wiki, hata miezi, inarudi polepole kwa kuwasha washa na kuchoma choma kama sindano, na hiyo ni dalili nzuri. Mpaka irudi, f na v zitakuwa za kubahatisha na chai ya moto ipimwe kwa kidole kwanza maana mdomo hautakuambia kwamba umeungua. Ila kama meno hayaumani kama zamani, au usaha unatoka, au uvimbe ulioisha umerudi na homa, hilo sio la kuzoea, unaandika kwenye kikaratasi "meno hayakutani vizuri" na limeanza lini, unakipeleka kliniki hata kama tarehe yako bado.